Jirani Hajakuibia Intaneti: Mwingiliano Ndani ya Kebo ya Simu na Jinsi Unavyodhibitiwa

Laini ilikuwa inakwenda vizuri. Kisha nyumba za jirani zikaanza kuunganishwa, leo hii, kesho ile, na kasi ikawa inashuka kidogo kidogo bila mtu kugusa chochote. Malalamiko haya yapo kila mahali ambako intaneti bado inapita kwenye waya wa shaba wa simu, na maelezo yanayozunguka ni mawili: ama kampuni inabana kasi kwa makusudi, ama jirani anaiba. Sisemi hayo hayatokei. Ila lipo jambo la tatu ambalo halitajwi sana, nalo halina mwizi wala njama: ishara za laini ya jirani zinavuja na kuingia kwenye laini yako, na za kwako zinaingia kwake.

Kabla ya kwenda mbali, tuyaweke maneno sawa. Laini ya simu ni nyaya mbili nyembamba za shaba, na nyaya hizo mbili kwa pamoja huitwa jozi. Kebo ni fungu la jozi nyingi, kumi, hamsini au mamia, zilizobanwa ndani ya ganda moja kutoka kituo cha simu au kabati la mtaani mpaka karibu na nyumba. Ishara ni umeme unaopanda na kushuka ukibeba ujumbe. Masafa ni idadi ya mara umeme huo unapanda na kushuka katika sekunde moja, na kipimo chake ni hezi. Kilohezi ni elfu moja, megahezi ni milioni moja. Kelele ni umeme wowote unaoingia kwenye modemu yako bila kutumwa kwa ajili yako, hata kama hakuna sikio linaloweza kuusikia. Kelele inayotoka jozi nyingine ndani ya kebo hiyohiyo ndiyo tutakayoiita mwingiliano.

Nyaya hazihitaji kugusana ili ziingiliane. Plastiki iliyozivika huzuia mkondo usiruke kutoka waya mmoja kwenda mwingine, lakini haizuii uga wa sumaku na wa umeme unaouzunguka kila waya wenye ishara. Waya ulio jirani ukiwa ndani ya uga unaobadilika, nao huzaliwa umeme mdogo unaofuata mabadiliko yaleyale. Jozi mbili zikilala bega kwa bega kwa mamia ya mita, umeme huo mdogo unajikusanya hadi unakuwa wa kuhesabika.

Tatizo hili lina umri sawa na simu yenyewe. Simu za mwanzo zilitumia waya mmoja tu, na ardhi ikawa njia ya kurudi ya mkondo, kwa hiyo laini ilizoa kila kilichopita karibu: telegrafu, tramu za umeme, mazungumzo ya watu wengine. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alipata hataza ya dawa ambayo mpaka leo bado inatumika kwenye laini za shaba, yaani kutumia nyaya mbili na kuzisokota pamoja.

Kusokota kunafanya kazi hivi. Modemu haipimi umeme wa waya mmoja, inapima tofauti kati ya nyaya mbili za jozi. Kelele ikiingia kwa kiasi kilekile kwenye nyaya zote mbili, tofauti inabaki palepale na modemu haioni kitu. Shida ni kwamba waya ulio karibu na chanzo cha kelele hupokea zaidi kuliko mwenzake. Ukizisokota, zinabadilishana nafasi kila baada ya sentimita chache. Waya uliokuwa karibu na jirani unakwenda mbali, na wa mbali unakuja karibu, hivyo mwisho wa safari kila mmoja amepokea karibu sawa na mwenzake. Na kwa kuwa jozi mbili zilizosokotwa kwa mwendo mmoja zingebaki zikitazamana vilevile njia nzima, watengenezaji wa kebo huzipa jozi zilizo jirani urefu tofauti wa msokoto.

Kosa baya kuliko yote linafanyikia hapahapa, na halifanywi na mtambo, linafanywa na mkono. Katika kebo ya jozi 25 za mtindo wa Marekani, jozi tano za kwanza ni nyeupe na buluu, nyeupe na chungwa, nyeupe na kijani, nyeupe na kahawia, nyeupe na kijivu. Fundi akizisokotoa zote mara moja kwenye boksi la maungio, anabaki na nyaya tano nyeupe mkononi, na kwenye kebo za zamani zisizo na alama ya mwenza ni vigumu kujua ipi ni ya nani. Akichukua nyeupe iliyokuwa ya buluu akaifunga pamoja na chungwa, upande wa pili wa boksi jozi imechanganyika. Kipimo cha kawaida kitasema waya haujakatika. Simu italia, watu wataongea, hakuna atakayehisi kitu. Lakini tangu hapo nyaya mbili za laini yako zinasafiri katika misokoto miwili tofauti, kila moja ikiwa imekumbatiana na waya wa mtu mwingine, na kinga yote ya msokoto imekwenda. Intaneti kwenye laini ya namna hiyo inayumba vibaya, na mteja anaweza kubadilisha modemu mara tatu bila nafuu, maana dawa ni kufungua boksi na kurudisha kila nyeupe kwa mwenzake. Kusokotoa jozi kwa urefu mkubwa mno kabla ya kuifunga kwenye kituo chake ni kosa dogo la ukoo huohuo.

Kwa nini mazungumzo hayakulalamika

Swali la haki ni hili: kebo hizi zimekuwepo miongo mingi, mbona kelele imekuja na intaneti? Jibu ni masafa. Sauti kwenye simu ya kawaida inatumia kati ya hezi 300 na 3,400. Sasa tazama teknolojia za kupitisha intaneti juu ya waya huo wa simu. ADSL, iliyopata kiwango cha kimataifa mwaka 1999, inapanda mpaka megahezi 1.1. ADSL2+ inafika 2.2. VDSL2 ya mwaka 2006 inakwenda megahezi 17 kwa matumizi ya kawaida, na 30 kwa umbali mfupi. G.fast, iliyokamilishwa mwaka 2014, inafika 106. Kutoka sauti mpaka VDSL2 ya megahezi 17 ni ongezeko la zaidi ya mara 5,000, juu ya waya uleule.

Kadiri masafa yanavyopanda mambo mawili hutokea kwa wakati mmoja. Uvujaji kati ya jozi unaongezeka: kwa aina ya mwingiliano inayotusumbua zaidi leo, masafa yakizidi mara mbili nguvu ya uvujaji inazidi takriban mara nne. Na ishara yako mwenyewe inafifia haraka zaidi njiani. Unachokitaka kinapungua wakati usichokitaka kinaongezeka.

Ni vizuri kuona jinsi upotevu huu unavyogeuka kuwa kasi ndogo, kwa sababu wengi hudhani kelele ama inakata laini ama haifanyi kitu. ADSL na VDSL2 hugawanya waya katika vijia vingi vyembamba vya masafa, kila kimoja kikiwa na upana wa kilohezi 4.3125. ADSL ina 256 vya namna hiyo; VDSL2 ya megahezi 17 ina 4,096. Modemu inapowaka, zile dakika ambazo taa inapepesa, inakuwa inapima kila kijia kimoja kimoja: ishara ina nguvu kiasi gani hapa, kelele kiasi gani. Kijia safi kinapewa biti nyingi, mpaka 15 kwa kila mpigo, yaani kila mara modemu inapotuma fungu la ishara. Kijia chenye kelele kinapewa mbili au tatu. Kibovu kabisa kinaachwa. Kanuni ya jumla ni kwamba kila kelele inapoongezeka kwa desibeli 3, yaani maradufu, kijia kinapoteza biti moja.

Mapigo ni takriban 4,000 kwa sekunde. Sasa piga hesabu: jirani wachache wakiunganishwa, vijia 1,000 kati ya vyako vikapoteza biti mbili mbili, umepoteza biti milioni 8 kwa sekunde. Hakuna kilichokatika. Modemu imeungana kama kawaida na taa ni ya kijani, ila imekubali mkataba mdogo kuliko wa mwezi uliopita.

Kelele ya upande huu na ya upande ule

Mwingiliano una sura mbili, na kila moja ina dawa yake. Ya kwanza ni mwingiliano wa karibu: modemu ya jirani inatuma kutoka upande uleule ambako modemu yako inasikiliza. Ishara yake ndiyo kwanza inatoka, ina nguvu zake zote. Ya kwako imesafiri kutoka kituoni na imechoka. Ukiviacha viwili hivyo vikutane, yako haina nafasi. Sura ya pili ni mwingiliano wa mbali: anayetuma yuko upande wa pili wa kebo, na alichovujisha kinasafiri pamoja na ishara yako na kufifia pamoja nayo.

Ule wa karibu ulidhibitiwa kwa uamuzi rahisi, ambao kwa maoni yangu ndio ulioifanya ADSL iwezekane kwa watu wa kawaida: kupandisha na kushusha data kutumie masafa tofauti. Kwenye ADSL inayopita juu ya simu ya kawaida, sauti inabaki chini ya kilohezi 4, kupandisha ni kati ya 25 na 138, na kushusha kunaanza 138 kwenda juu. Modemu zote za majumbani zinatuma katika eneo moja na kusikiliza katika jingine. Jirani anapotuma kwa nguvu zake zote, anatuma mahali ambapo modemu yako haina sikio. Sharti ni wote wakubali mgawanyo huo. Vifaa vya kizazi kilichotangulia, kama HDSL na laini za T1, havikuufuata, na ndiyo maana makampuni ya simu yaliwafundisha mafundi wao kuvitenga katika mafungu mengine ndani ya kebo.

G.fast ilichukua njia nyingine kufika palepale. Badala ya kugawa masafa inagawa muda: laini zote za kebo zinashusha kwa pamoja, halafu zote zinapandisha kwa pamoja, zikifuata mwendo wa saa ya pamoja. Moja ikichelewa tu, inawaharibia wenzake.

Baada ya hapo unabaki mwingiliano wa mbali, na humo ndani kuna dhuluma ndogo inayostahili kutajwa. Nyumba moja iko mita 100 kutoka kabatini, nyingine mita 800, na zote zinapandisha data kupitia kebo moja. Ya mbali inapofika kwenye eneo la mita 100, ishara yake imekwisha fifia. Ndipo inakutana na ya karibu ambayo bado ina nguvu tele. Mwenye nyumba ya mbali anapoteza karibu kila kitu kwa sababu tu ya mahali alipojenga. VDSL2 inalazimisha nyumba za karibu zipunguze nguvu ya kutuma, kiasi kwamba ishara zote zinakutana zikiwa na nguvu zinazokaribiana. Wa karibu wanapoteza kidogo, wa mbali wanapata laini inayotumika.

Kwa nini kuongeza nguvu si dawa

Ushauri unaorudiwa sana ni kwamba laini dhaifu ipewe nguvu zaidi, au mteja anunue modemu yenye nguvu. Fikiria ukumbi uliojaa watu wanaozungumza wawili wawili. Mmoja hamsikii mwenzake, anapandisha sauti. Meza ya pili nayo inapandisha, kisha ya tatu. Baada ya muda mfupi ukumbi mzima unapiga kelele na hakuna anayesikia vizuri kuliko mwanzo. Ndani ya kebo hali ni hiyohiyo: nguvu unayoongeza ili ishara yako ipite ndiyo nguvu inayovuja kwa wengine, na modemu zao zitajibu kwa kadiri zinavyoruhusiwa. Ndiyo sababu viwango vya kimataifa vinaweka kikomo cha nguvu kwa kila eneo la masafa, na hakuna modemu halali inayoweza kukivuka, iwe ya bei gani.

Watafiti walipolitazama jambo hili kwa hesabu, waliona kwamba faida iko upande wa kupunguza. Laini fupi yenye hali nzuri mara nyingi hutuma kwa nguvu kuliko inavyohitaji. Modemu kwa kawaida huwekewa akiba ya desibeli 6 hivi juu ya kiwango cha lazima, ili isianguke kelele ikiongezeka ghafla, lakini laini nyingi fupi hukaa na akiba kubwa kuliko hiyo isiyomnufaisha mtu. Ukiishusha nguvu mpaka itoshe tu kwa kasi aliyolipia mteja, yeye hapungukiwi kitu na majirani wanapumua. Usimamizi wa namna hii hauhitaji waya mpya. Unahitaji mtu mmoja, au programu moja, inayoona laini zote kwa pamoja.

Kelele inayojulikana inaweza kufutwa

Sasa tunafika kwenye wazo ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote katika habari hii. Kelele ya radi haitabiriki. Kelele ya mota ya kiyoyozi haitabiriki. Lakini mwingiliano ni data ya jirani, na data hiyo imetoka kwenye mtambo uleule unaokutumia wewe data yako. Mtambo wa kabatini unajua, kabla ya kutuma, kila kitu kitakachopita kwenye kila laini. Kama pia unajua ni kiasi gani kinavuja kutoka laini moja kwenda nyingine, unaweza kukifidia kabla hakijatokea.

Chukua laini mbili tu. Wewe unatakiwa upokee namba 5, jirani apokee 10, na sehemu moja kwa kumi ya kila laini inavuja kwa mwenzake. Mtambo ukituma 5 na 10 kama zilivyo, wewe utapokea 6 na jirani 10.5, zote makosa. Mtambo unaojua hesabu ya uvujaji unatuma 4.04 kwako na 9.60 kwa jirani. Njiani, moja kwa kumi ya 9.60 inaongezeka kwenye yako: 4.04 na 0.96 ni 5. Moja kwa kumi ya 4.04 inaongezeka kwake: 9.60 na 0.40 ni 10. Uvujaji haukuzuiwa, uliachwa utokee, ukatumiwa kukamilisha hesabu.

Mbinu hii huitwa vekta, kwa sababu ishara za laini zote hushughulikiwa kama safu moja ya namba badala ya kila laini peke yake. George Ginis na John Cioffi wa Chuo Kikuu cha Stanford waliieleza kwa laini za simu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2010 ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ikaipitisha kama kiwango cha G.993.5 kwa ajili ya VDSL2. Kwa upande wa kupandisha kazi ni nyepesi kidogo: ishara za nyumba zote zinapokelewa mahali pamoja, kwa hiyo mtambo unazisoma zote kisha unatoa cha huyu kutoka kwa cha yule. Kwa upande wa kushusha, modemu ziko katika nyumba tofauti na haziwezi kushauriana, ndiyo maana fidia inafanywa kabla ya kutuma.

Mtambo unajuaje kiasi cha uvujaji? Unajifunza. Baada ya kila mapigo 256 ya data linapita pigo moja la pekee ambalo kila laini inalituma kwa mpangilio wake wa jumlisha na toa, na mipangilio hiyo imechaguliwa isifanane. Modemu ya nyumbani inajua ilichopaswa kupokea, inapima ilikosea kwa kiasi gani, na inarudisha taarifa hiyo kituoni. Kwa kulinganisha makosa na mipangilio, mtambo unabaini ni jirani yupi anayechangia kiasi gani. Pigo hilo linapita takriban mara 16 kwa sekunde, kwa hiyo kuzifahamu laini mia mbili kunachukua sekunde kadhaa, si kufumba na kufumbua. Ndiyo sababu mojawapo modemu kwenye mfumo huu huchelewa kuungana, na ukiizima na kuiwasha kwa haraka kwa kudhani imekwama unairudisha mwanzo wa darasa.

Hesabu yenyewe si mchezo. Laini 200 zina njia za uvujaji karibu 40,000. Zidisha kwa vijia 4,096, kisha kwa mapigo 4,000 kwa sekunde, unapata zaidi ya bilioni 650 za kuzidisha kila sekunde, hata kama si kila kijia kinatumika. Wazo lilitangulia, prosesa za kuifanya kazi hiyo ndani ya kabati la mtaani, kwa joto na umeme unaovumilika, zilikuja baadaye. Matokeo yake ni kwamba VDSL2 ya megahezi 17 inaweza kukaribia megabiti 100 kwa sekunde kwenye umbali wa mita mia chache, hata kebo ikiwa imejaa. Bila vekta, kasi hiyo aliipata yule wa kwanza kuunganishwa tu, akabaki anasimulia ilivyokuwa zamani.

Vekta ina masharti, na baadhi si ya kiufundi. Lazima mtambo mmoja uzione laini zote zinazoingiliana. Kebo ikiwa na wateja wa makampuni mawili, kila moja na mtambo wake, kila mtambo unaona nusu ya ukweli na kelele ya nusu nyingine inabaki. Hili liligongana moja kwa moja na sera za kuruhusu washindani kukodi waya wa shaba. Nchini Ujerumani, mdhibiti wa mawasiliano, Bundesnetzagentur, mwaka 2013 aliiruhusu Deutsche Telekom kuwanyima washindani nyaya za kabatini kwa masharti maalumu, ili vekta ifanye kazi, nao wapewe huduma kupitia mtambo wa mwenye kabati. Wapo walioona ni busara na wapo walioona ni kurudisha ukiritimba kwa mlango wa nyuma. Mimi naona hoja ya kiufundi ilikuwa ya kweli, na kwamba ilimfaa sana mwenye mtandao.

Sharti jingine ni modemu. Ya zamani isiyojua vekta hairudishi taarifa za makosa, kwa hiyo mtambo haujui cha kufidia kwa ajili yake wala hauijui inavyowasumbua wengine. Nyingi ziliweza kuboreshwa kwa programu mpya ili angalau zisiwadhuru wenzao, nyingine zilitolewa.

Na vekta inafuta kelele ya majirani walio ndani ya kebo, basi. Redio, adapta mbovu ya chaji, waya wa simu unaozungushwa ndani ya nyumba bila msokoto, yote hayo yanabaki. Tena yanaonekana zaidi. Wakati mwingiliano ulikuwa mkubwa, ulifunika kila kitu kidogo kilichokuwa chini yake. Ukishaondolewa, ile soketi ya pili ukutani isiyotumika na mita kumi za waya bapa nyuma ya kabati la nguo vinakuwa ndivyo vinavyoamua kasi yako.

Yanayosemwa mtaani

Je, jirani anaweza kusoma data yangu kwa kuwa inavuja kwake? Katika enzi ya simu za sauti, watu walisikia kweli mazungumzo ya wengine. Data ni jambo jingine: kinachovuja ni mabaki dhaifu ya vijia vingi vilivyopangwa kwa ajili ya modemu yako, na modemu ya jirani inavichukulia kama kelele tu. Je, kuongea na simu kunapunguza kasi? Hapana, sauti iko chini ya kilohezi 4, mbali na data. Ukisikia mlio wa kuchemka kwenye simu pindi intaneti inapofanya kazi, hicho si kilio cha jirani bali ni kichujio kilichokosekana au kilichokufa kati ya simu na soketi.

Linalochanganya wengi kuliko yote ni kushuka kwa kasi saa za jioni. Ingia kwenye ukurasa wa modemu yako utafute kasi ya kuungana, ile iliyokubaliwa na kituo. Kama hiyo haijabadilika ila majaribio ya kasi yanashuka kila jioni, tatizo ni msongamano mbele ya kituo, watu wengi kwenye njia moja, na hakuna kinachofanyika kwenye shaba kitakachosaidia. Kama kasi ya kuungana yenyewe imeshuka kwa miezi, hatua kwa hatua, huku idadi ya makosa ikiwa ndogo na laini haikatiki, hiyo ndiyo alama ya mwingiliano. Ikiwa inakatika ghafla kwa vipindi, hasa saa zilezile, tafuta kifaa cha umeme. Ikiwa na sauti ya simu nayo inakwaruza, au mvua ikinyesha mambo yanaharibika, ni kiungo kilichoingia maji.

Mweleze fundi namba hizo, si kwamba intaneti ni mbovu tu: kasi ya kuungana ya sasa na ya zamani, akiba ya desibeli, idadi ya makosa kwa saa. Muulize kama kabati lenu lina vekta na kama laini yako imewekwa ndani yake. Na kama namba zilishuka siku ileile ambayo mtu alifungua boksi la maungio kumuunganisha jirani, mwombe aanzie kwenye zile nyaya nyeupe.